Soksi ya Mchele na Filimbi za Mfalme

Msinicheke. Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na saba. Hakuna aliyenikatia keki. Nilipewa tiketi ya ndege na mkebe wa tende, nikarudi Bungoma na mabegi mawili. Lakini miaka kumi na mmoja ya kufua, kupika, kupanguza na kubembeleza watoto wa watu, minne Riyadh na saba Jeddah, kama hiyo si kazi ya kustaafu basi niambieni ni ipi.

Nyinyi wasichana mnaokuja saluni kwangu mkisubiri pasipoti zitoke, maswali yenu ni yaleyale. "Auntie, ni kweli joto la huko linayeyusha kandambili?" "Auntie, madam akikupigia kelele unafanyaje?" Nami mikono ikiwa kichwani mwa mtu siwezi kumaliza hadithi. Mteja mwingine anaingia, stima inapotea, tunaanza habari nyingine. Ndiyo maana leo nimekaa nikaandika. Shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hivyo mkikuta sentensi imejikunja, inyosheni wenyewe.

Nataka kuwaambia habari ya mfalme. Si wa Saudia, tulieni. Ni mfalme wa Uingereza wa zamani, karibu miaka mia tano kaburini, yule aliyeoa wake sita. Namjua kuliko ninavyomjua diwani wetu. Namjua kwa kuwa kwa miaka saba nilipanguza filimbi zilizochongwa kwa kuiga zake.

Nyumba ilikuwa Al-Hamra, Jeddah, upande wa baharini. Madam Hessa, daktari wa meno, ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mwenye karatasi zangu zote na ikama yangu, kile kibali cha kukaa. Lakini mwenye nyumba hasa alikuwa baba yake, mzee aliyefundisha historia chuoni mpaka akastaafu kwa haki. Nilimwita Baba, kama walivyomwita wote. Ujana wake alisomea Uingereza, kwa hivyo tulielewana kwa Kiingereza changu cha kubahatisha, Kiarabu cha jikoni na mikono.

Kila siku saa nne asubuhi, baada ya kahawa, Baba alijifungia chumba cha vitabu, akafunga na madirisha. Kisha ukaja mlio. Mzito, wa polepole, kama ng'ombe mwenye adabu anayeomba maji. Mimi saa hiyo nilikuwa napiga deki ujia wa nje ya mlango, na mkono wangu ulizoea kufuata ule mlio: vuta, vuta, kamua. Miezi mitatu hivyo. Siku moja alifungua mlango ghafla akanikuta na ndoo, nami, mdomo wangu huu usiokaa, nikamwuliza.

"Baba, samahani. Huu unaopuliza si wimbo. Hii ni besi. Wimbo wenyewe uko wapi?"

Alinitazama kama nimemwambia jina la mama yake. "Nani amekufundisha besi?"

"Kanisani kwetu. Kwaya haikuwa na wanaume wa kutosha. Mimi sauti yangu ni nene, wakaniweka nyuma na kina baba."

Akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akanionyesha sanduku. Ndani, kwenye kitambaa cha mahameli, filimbi nne za mbao: ya kwanza fupi kama mwiko, ya nne ndefu kama mguu wangu. Alipokuwa mwanafunzi aliingia kanisa moja lenye baridi, akasikia wimbo wa yule mfalme ukipulizwa na watu wanne. Hakuwahi kupona. Akanunua ile kubwa, baadaye hizo tatu. Akarudi nyumbani miaka ambayo muziki ulikuwa wa kufungia mlango.

"Filimbi nne," akasema, "mdomo mmoja. Miaka arobaini napiga robo ya wimbo."

Mtasema, si angeusikiliza kwa simu? Nilimwuliza hilohilo. Akaniambia, "Wewe ukiona kabsa kwenye simu, unashiba?" Kabsa ni ule wali wao wa nyama.

Tangu siku hiyo alinisimulia huku napanguza rafu. Yule mfalme, kabla hajawa lile jitu nene lenye kidonda mguuni, alikuwa kijana mrefu mwenye sauti tamu. Alipiga kinanda, alipiga lile gitaa la zamani lenye mgongo wa nusu papai, alipuliza filimbi, aliimba akisoma karatasi bila kufanya mazoezi. Alitunga nyimbo mwenyewe, za mapenzi na za kwenda kuwinda, hata za ibada. Na alipenda wapigaji wazuri jinsi watu wengine wanavyopenda farasi. Akisikia kuna fundi wa filimbi Italia, anatuma watu wamlete. Ndugu kadhaa wa nyumba moja walitoka Venisi wakapewa nyumba na mshahara wa kukaa pale wakimpulizia.

Hapo niliacha kitambaa. "Ngoja, Baba. Walitoka kwao wakaja kufanya kazi kwa mtu, wakalala kwake, na karatasi zao akawa nazo yeye?"

"Ndiyo."

"Kumbe mfalme alikuwa kafili!"

Baba alirudia lile neno kwa wageni wake wa Ijumaa kwa mwezi mzima. Lakini mimi nililala na wale Wavenisi kichwani. Niliwaona na baridi ile, mmoja anatafuta samaki wa kwao sokoni hapati, mwingine anaandika barua akisema niko salama, mfalme ni mtu mzuri, wakati hajui kama ni mtu mzuri. Kesho yake nilimwuliza Baba, "Walipewa likizo?" Akafungua vitabu vyake viwili vitatu. Hakupata. Alisikitika kweli, kama kosa ni lake.

Sasa, msidhani nilidanganywa na utamu. Nilimwuliza pia, "Lakini si huyu ndiye aliyekata wake zake vichwa?"

"Wawili," akasema. "Na mpigaji wake mmoja aliyekuwa kijana, alimwua pamoja na malkia. Filimbi haikumzuia."

"Basi kwa nini unampenda?"

"Simpendi yeye. Nampenda saa ile alipokuwa anatunga. Saa ile hakumgusa mtu."

Nililielewa hilo neno kwa sababu ya Riyadh. Bosi wangu wa kwanza, mtaa wa Al-Naseem, alikuwa na sauti ya kuimba ambayo ungesimamisha deki uisikilize. Na huyo huyo alinifungia simu kwenye kabati miezi minane. Akiimba nilimsamehe, akinyamaza namkasirikia tena. Kwa hivyo nawaambia, mkifika, msimpime mtu kwa saa yake nzuri peke yake, wala kwa mbaya peke yake. Pima wiki nzima.

Na kahawa, kabla sijasahau, maana huko kahawa ndiyo mtihani. Birika, wanaiita dalla, ishike kwa mkono wa kushoto, vikombe kulia. Anza na mkubwa. Usijaze kikombe, kukijaza ni kumwambia mgeni anywe aondoke. Mgeni akikurudishia kikombe bila kukitikisa, mwongeze. Akikitikisa, ametosheka. Mimi wiki ya kwanza sikujua, nikamwongeza mzee mmoja kikombe cha tisa huku anatikisa mkono mzima akidhani mimi ni kipofu.

Jeddah ina adui mmoja, na huyo ni unyevu. Ukiacha viatu kabatini mwezi mmoja, vinaota manyoya. Abaya zinanuka kama kitambaa cha sufuria. Baba mwenyewe alinifundisha kuziangalia zile filimbi: zisipate unyevu, mbao ikivimba mlio unaharibika. Nikawa mtaalamu. Vile vipakiti vya chembe za kukausha vinavyokuja ndani ya viatu vipya, nilivikusanya nyumba nzima. Halafu nikaongeza ujuzi wangu: soksi mpya ya Baba nikaijaza mchele, nikafunga fundo, nikailaza sandukuni. Mchele unanyonya unyevu, muulizeni yeyote aliyeangusha simu chooni. Sanduku likakaa kavu, filimbi zikang'aa. Baba aliniita waziri wa filimbi. Nilivimba kichwa.

Mwaka wa saba Lulwa, binti wa Madam, alikuwa chuoni Riyadh, akiishi kwa mjomba wake palepale Al-Naseem. Siku hizi mambo yamefunguka, watu wanajifunza muziki waziwazi. Lulwa alijua kupuliza ile ndogo tangu utotoni, sasa akapata wenzake wawili wa chuo wa kupuliza zile za kati. Wao kwa wao walifanya mazoezi na filimbi za plastiki. Ile ya nne, kubwa, hawakuwa nayo. Ilikuwa ya Baba.

Akampigia babu yake simu. "Jaddi, njoo. Tuko watatu. Tunakungoja wewe."

Jamaa wakaalikwa siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, ukumbi wa wageni wa mjomba. Nami nilijua, na nyumba nzima ilijua, kwamba haingewezekana kungoja mwaka mwingine. Baba alikuwa ameanza kuvuta dawa kwa mashine. Zamani alimaliza wimbo bila kusimama. Sasa alipumzika mara tatu ndani ya wimbo mmoja.

Tulifika Riyadh Jumanne. Nikaweka sanduku chumba cha Baba, juu ya kabati, chini kidogo ya eyasii, ile mashine ya kupoza hewa. Nikabadilisha mchele kwenye soksi, nikatia mkavu zaidi. Nikaongeza na vipakiti.

Wasichana wangu, mimi nilikaa Riyadh miaka minne. Miaka minne midomo yangu ilipasuka mpaka nikicheka natoa damu. Nilipaka vaselini asubuhi, mchana na jioni. Visigino vyangu ungeweza kuficha sarafu ndani. Nilijua kwa ngozi yangu kwamba Riyadh hakuna unyevu hata wa kutia kwenye stempu. Na bado nikachukua dawa ya Jeddah nikaipeleka Riyadh, kwa sababu kule ilinifanya waziri.

Alhamisi asubuhi nikafungua sanduku nipanguze. Ndogo, salama. Za kati, salama. Kubwa ilikuwa na ufa kuanzia karibu na mdomo kwenda chini, urefu wa kidole. Nikaipuliza. Ikatoa hewa tu, kama paka mwenye hasira.

Nilishuka jikoni. Mfanyakazi wa nyumba ile alikuwa Atieno, wa Kisumu, mdomo wake mkubwa kuliko wangu.

"Sasa wewe wasiwasi wa nini?" akaniambia. "Funga sanduku. Likifunguliwa, wewe mafi maalum, hujui kitu. Ndege imevunja."

"Atieno, ndege ilitua juzi."

"Basi ufa ulikuwa unatembea polepole. Na huo mchele wa soksi, my dear, usinitilie kwa kabsa ya wageni."

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Nilijua kinachoweza kunipata. Madam angeweza kunirudisha ofisini, kule kwa mawakala, unakalishwa na begi lako mpaka apatikane mtu mwingine wa kukuchukua. Lakini kilichonichoma zaidi ni kwamba Baba angefungua lile sanduku mbele ya watu wote, amekaa tayari na pumzi zake alizokuwa akizitunza tangu Jumatatu. Nikapanda ngazi.

Alikuwa kitandani na tasbihi. Nikamwekea filimbi mapajani.

"Ni mimi, Baba. Mchele na eyasii."

Alipitisha kidole kwenye ufa, mara moja kwenda, mara moja kurudi. "Nani alikwambia uweke mchele Riyadh?"

"Jeddah," nikasema.

Hakucheka. Hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilijua siku nyingine angecheka. Madam akaingia, akaona, na sauti yake ikajaza chumba. "Wallah, Nekesa! Miaka saba! Kitu kimoja nilikuambia usiguse bila kuuliza!" Nilitaka kusema kwamba hakuwahi kuniambia hivyo, nikameza. Akatoa simu. "Halas. Nawaambia watu wasije."

Baba alikuwa bado anaangalia ule ufa. Mimi pia. Na nilivyouangalia sana nikaona kitu ninachokijua. Niliona mstari wa nywele, vile unavyochora kichwa kabla ya kusuka.

"Madam, tafadhali. Nipe mpaka adhuhuri."

"Utafanya nini? Wewe ni fundi?"

"Mimi ni msusi."

Madam akamgeukia baba yake. Baba akasema polepole, "Wale wa mfalme nao filimbi zao zilipasuka. Lazima zilipasuka, na hawakuwa na ndege ya kupeleka kwa fundi. Mwache."

Haya, andikeni hii. Atieno alikuwa na uzi mweusi wa nywele, ule wa kusukia mabutu. Kwenye friji kulikuwa na asali ya masega iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni. Nikatafuna sega moja, nikanyonya asali yote (hiyo niliila kwa hofu, haikuwa na utamu), nikabaki na nta mdomoni. Nikaikanda mpaka ikalainika. Nikaisukuma ndani ya ufa kwa ukucha, kidogo kidogo, nikafuta iliyozidi. Kisha uzi: nikauburuta kwenye nta nyingine ili ushike, nikaanza kuzungusha. Kuzungusha uzi kwenye nywele siri yake ni mvuto uleule toka mwanzo hadi mwisho. Ukilegeza utafumuka, ukikaza sana mtu halali kwa kuumwa kichwa. Atieno alishika upande wa chini. Mizunguko ikalaliana bila nafasi. Mwisho nikaingiza ncha chini ya uzi wenyewe, nikakata.

"Imependeza," Atieno akasema. "Imekuwa kama shangazi yangu."

Baba akaipuliza. Paka akanyamaza. Ng'ombe mwenye adabu akarudi.

Alasiri ukumbi ulijaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, watoto katikati wakikanywa. Mimi nilisimama kando ya nguzo na dalla mkono wa kushoto, vikombe kulia. Lulwa alihesabu kwa kichwa, na wakaanza.

Siwezi kuwaandikia sauti. Niseme hivi: kwa miaka saba nilimjua mtu mmoja wa familia, na siku ile ndugu zake wakaingia mlangoni. Yale mapengo yote niliyokuwa nikidhani ni Baba anapumzika, kumbe ndimo wengine walimokuwa wanaongea. Nilimfikiria yule mfalme akiwa bado kijana, hajamgusa mtu. Nikawafikiria Wavenisi wake, usiku ule wa kwanza walipompulizia, kama mmoja wao alitazama dirishani akiwaza kwao.

Wimbo una beti mbili zinazofanana. Ya kwanza Baba aliimaliza, akipumzika mara moja tu. Ya pili ilipoanza, akaishusha filimbi.

Nikasema, uzi umefumuka. Nikaangalia: uzi ulikuwa pale, mweusi, umekaza. Baba alikuwa amefumba macho. Hakuchoka, hakukohoa. Alikuwa anasikiliza. Mtu akipuliza husikia pumzi yake kuliko kitu kingine chochote, naye alikuwa amengoja miaka arobaini. Lakini sasa walibaki watatu, na wimbo ulikuwa na shimo chini, sakafu haipo, na Lulwa alikuwa amegeuka na hofu machoni.

Sikuamua. Naapa sikuamua. Mkono wangu wa kulia ulikaza vikombe, vuta, vuta, kamua, na koo langu likaendelea palepale alipoachia. Bila maneno, mdomo umefungwa, sauti ya nyuma ya kina baba. Madam aligeuka. Watu wakageuka. Ningenyamaza, lakini Baba, macho bado yamefumbwa, aliinua kidole kimoja juu ya goti na kukizungusha taratibu: endelea.

Nikaendelea mpaka mwisho, dalla mkononi.

Walipomaliza, ikazuka shangwe, na watoto wakaanza kukimbia. Mimi sikujua niweke wapi uso wangu, kwa hivyo nikafanya kazi. Mkubwa kwanza. Nikamimina kikombe, kidogo, nikampa Baba. Akakinywa. Nikainamisha dalla nimwongeze.

Akakitikisa kikombe.

Madam hakunirudisha ofisini. Hakuniomba msamaha pia, lakini wiki hiyo alininunulia vaselini kubwa, na kwake huo ni usemi. Tuliporudi Jeddah mlango wa chumba cha vitabu haukufungwa tena saa nne. Siku ambazo pumzi zilikuwepo alipuliza yeye. Siku ambazo hazikuwepo aliketi na filimbi mapajani, nami nikapiga deki kwa sauti. Fundi mmoja alikuja akasema anaweza kuziba ule ufa vizuri, usionekane kabisa. Baba akamshukuru, akampa kahawa, akamtoa.

Siku ya kuondoka kwangu Madam alipekua mabegi, kama wanavyofanya wote, msikasirike mkifanyiwa. Akatoa nguo, akatoa tende, akatoa kibunda cha uzi mweusi kilichogandamana na nta, masalio ya ule alionipa Atieno kufungia ufa. "Hii nini?"

"Uzi wangu wa nywele, Madam. Wa kuanzia saluni."

Akakirudisha begini. Baba alikuwa kwenye kiti cha magurudumu pale mlangoni, mashine yake ya dawa pembeni, dereva ameshawasha gari. Akanyoosha mkono.

"Nguo chukua," akasema. "Tende chukua. Huo uzi uache."